Haja ndogo ndani ya maji: Jambo la aibu linaloweza kumponza mpiga mbizi

MTU anapozama katika bwawa la Masinga au la Kiambere, jamaa zake hukusanyika ukingoni na kusubiri. Husubiri tangu alfajiri hadi magharibi, macho yote yakiwa majini, na kila mpiga mbizi anapoibuka huulizwa swali lilo hilo: ameonekana?

Kuna swali jingine ambalo hakuna anayethubutu kuliuliza. Mtu aliyefungwa ndani ya vazi lisilopitisha maji, akikaa chini ya maji kwa saa mbili au tatu, haja ndogo ikimbana hufanya nini?

Swali hilo lina sura ya mzaha, na huenda msomaji ameshaanza kutabasamu. Hata hivyo, madaktari wa wapiga mbizi hawalicheki. Wanajua kwamba mzamiaji anayeona haya kulizungumzia huishia kujitafutia njia zake mwenyewe, na njia anayoikimbilia kwanza aghalabu ndiyo mbaya kuliko zote: kuacha kunywa maji.

Kwa nini vazi kavu

Wengi hudhani vazi kavu la kuzamia ni la nchi za barafu pekee. Ni kweli kwamba lilibuniwa kwa ajili ya baridi. Hufungwa kwa zipu isiyopenyeza maji, likabana shingoni na kwenye viganja kwa mpira laini, na ndani yake mzamiaji huvaa nguo nzito huku hewa ikimkinga na baridi.

Lakini vazi hilo lina kazi ya pili, ambayo inatuhusu sisi zaidi: kumkinga mzamiaji na maji machafu. Mabwawa matano ya mto Tana, yaani Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988), hupokea maji yaliyopita katika mashamba na miji mingi. Mto Thiba, kwa mfano, hulisha mashamba ya mpunga ya Mwea kabla ya kuingia Kamburu, na Mwea inajulikana kwa muda mrefu kuwa na kichocho, maradhi ambayo vijidudu vyake hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini.

Anayevaa vazi la kawaida la mpira, lile linaloruhusu maji kuingia, hana tatizo kubwa. Akibanwa hujisaidia humo humo, kisha akalisuuza vazi lake akitoka. Aliyevaa vazi kavu hana nafasi hiyo. Chochote kinachotoka mwilini hubaki ndani, kikailowesha nguo inayomtia joto. Nguo iliyolowa haikingi baridi, na mtu anayetetemeka hafikiri sawasawa.

Mwili huzidisha mkojo

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba maji yenyewe humfanya mtu akojoe zaidi. Hiyo si dalili ya ugonjwa wala ya woga.

Mtu akiwa nchi kavu, sehemu ya damu yake huvutwa miguuni na uzito wa dunia. Akizama, mgandamizo wa maji huisukuma damu hiyo kutoka miguuni na mikononi hadi kifuani. Baridi nayo huibana mishipa ya ngozi, damu zaidi ikakimbilia ndani. Vyumba vya moyo hujaa na kutanuka, na mwili hudanganyika ukadhani una maji kupita kiasi. Moyo hutoa homoni inayoziamuru figo kuyatoa maji hayo, na wakati huo huo ubongo hupunguza ile homoni ambayo kwa kawaida huyazuia. Kibofu hujaa upesi, hata kama mzamiaji alijisaidia kabla ya kushuka.

Wapanda mlima wanaopitia Sirimoni au Chogoria kwenda vilele vya Mlima Kenya wanaifahamu nusu ya habari hii. Usiku wa baridi kali hemani, haja ndogo huwaamsha mara kwa mara, kwa kuwa baridi huwatendea yale yale. Nao pia wamo wanaoamua kutokunywa maji ili wasitoke nje gizani, kisha asubuhi wakaamka na kichwa kinachowauma.

Hatari ya kujinyima maji

Mzamiaji asiyekunywa maji hawezi kuuzuia mkojo kabisa, kwa sababu figo zimekwisha kupewa amri. Anachokipunguza ni akiba ya maji katika damu yake. Akitoka majini, ule mgandamizo uliokuwa ukiisukuma damu kifuani huondoka ghafla. Damu hurudi miguuni, nayo ikiwa imepungua, mtu anaweza kupata kizunguzungu au kuanguka huku amebeba mitungi mizito mgongoni.

Liko pia jambo zito zaidi. Mzamiaji anapovuta hewa akiwa kwenye kina, naitrojeni huyeyuka ndani ya damu na nyama za mwili wake. Akipanda polepole, hewa hiyo hutoka kwa njia ya mapafu. Akipanda kwa pupa, hugeuka mapovu mwilini mithili ya soda iliyofunguliwa ghafla. Mapovu hayo huleta maumivu ya viungo, kupooza, na hata kifo. Utafiti uliofanyiwa nguruwe na kuchapishwa mwaka wa 2006 ulionyesha kwamba wanyama waliopungukiwa na maji mwilini walipata maradhi hayo kwa ukali zaidi. Wataalamu wangali wanajadiliana kuhusu uzito wa jambo hilo kwa binadamu, lakini hakuna anayemshauri mzamiaji ashuke akiwa na kiu.

Kibofu kilichojaa nacho humharakisha mtu. Ajali ya kivuko cha Likoni ya Septemba 29, 2019 iliwafunza Wakenya maana ya kina: gari lililotumbukia baharini lilipatikana takriban mita 58 chini, na likaopolewa Oktoba 11. Mzamiaji anayefanya kazi kwenye kina cha aina hiyo hulazimika kusimama mara kadhaa njiani anapopanda, na vituo hivyo huweza kuchukua muda mrefu kuliko ule aliokaa chini. Fikiria mtu anayening'inia kwenye kamba, dakika zikihesabiwa moja moja, naye amebanwa hadi anauma meno. Kishawishi cha kuruka kituo kimoja ni kikubwa.

Kwa Embu hatari huongezeka kwa sababu ya mwinuko. Majedwali ya kawaida ya kuzamia yalitungwa kwa ajili ya usawa wa bahari, na juu ya mita 300 hivi huhitaji kurekebishwa. Uso wa Masinga uko zaidi ya mita 1,000. Isitoshe, anayetoka Kiambere na kupanda gari moja kwa moja hadi mjini Embu anaendelea kupaa baada ya kutoka majini. Akipatwa na mapovu, hospitali za kawaida hazina kile chumba maalumu cha mgandamizo kinachohitajika kumtibu.

Njia zinazofaa

Njia ya kwanza ni rahisi: kujisaidia dakika za mwisho kabla ya kufunga zipu. Asubuhi hiyo mzamiaji anywe maji kidogo kidogo, tangu mapema, asingoje kugugumia lita nzima ukingoni. Kuzidisha maji mno nako hakufai, kwani kunauongezea mzigo moyo na mapafu ambayo tayari yamejaa damu.

Njia ya pili ni nepi za watu wazima. Ni nafuu, hazihitaji kulitoboa vazi, na huwafaa wanaume na wanawake. Upungufu wake ni kwamba zina kikomo. Mzamio ukirefuka, hujaa na kuvuja.

Njia ya tatu ni vali ya mkojo. Mwanamume huvaa mpira unaofanana na kondomu, uliounganishwa na mrija unaotokea pajani kupitia vali ya upande mmoja: mkojo hutoka, maji hayaingii. Wanawake wana kikombe laini kinachogandishwa mwilini kwa gundi ya kitabibu. Chombo hiki kinahitaji uangalifu. Mrija ukijikunja, mkojo hukosa pa kupita na kurudi nyuma kwa uchungu. Usiposafishwa kwa dawa baada ya kila mzamio, huzaa bakteria, na wako wazamiaji waliowahi kupata maambukizi makali ya njia ya mkojo kwa sababu hiyo. Katika maji machafu kila tundu la vazi ni mlango, hivyo mzamio mfupi ukifuatwa na nepi kavu waweza kuwa uamuzi wa busara zaidi.

Onyo la miraa

Kwa wakazi wa Meru na Embu pana nyongeza. Wapo wanaotafuna miraa au muguka ili wakabiliane na baridi na usingizi wa kazi ndefu. Majani hayo hubana mishipa ya damu na pia hukaza shingo ya kibofu. Utafiti wa Yemeni uliochapishwa mwaka wa 1995 ulibaini kwamba hata wanaume wenye afya njema walikojoa kwa kasi ndogo baada ya kutafuna. Mzamiaji wa namna hiyo hujikuta na kibofu kinachojaa kwa sababu ya maji, lakini kinachokataa kufunguka kwa sababu ya majani. Vali bora kuliko zote haiwezi kumsaidia.

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Mkuu wa kikosi cha uokoaji huwauliza watu wake kuhusu mitungi, kamba na tochi kabla hawajashuka. Hana budi kuwauliza pia, bila kicheko, kama wamekunywa maji na kama wamejisaidia. Familia inayongoja ukingoni imekwisha kupoteza mtu mmoja. Haistahili kushuhudia wa pili akipotea kwa sababu ya jambo ambalo watu waliona haya kulitaja.