Shahada ya mawasiliano Juba: ada ya dola, mshahara wa pauni

Tangazo la kazi ya afisa mawasiliano mjini Juba hutoka na muhuri wa Wizara ya Kazi, na masharti yake ni yale yale: shahada ya uandishi wa habari au mawasiliano, uzoefu wa miaka kadhaa, Kiingereza na Kiarabu cha Juba, raia wa Sudan Kusini pekee. Chini kabisa huandikwa kwamba maombi yafikishwe kwa mkono, labda mitaa ya Tongping au Hai Cinema, na kwamba nakala za vyeti hazirudishwi. Mwombaji anaacha bahasha getini, anaandika jina na namba ya simu kwenye daftari la mlinzi, anaondoka. Ndani ya bahasha ile mna karatasi ambayo watu wengi walichangia kuilipia, na wote wanasubiri.

Jirani zetu hesabu hii ya kulipia masomo wanaifanya na serikali. Kenya ina bodi ya mikopo ya wanafunzi, HELB, tangu 1995, Tanzania ilitunga sheria ya Bodi ya Mikopo mwaka 2004, na Uganda ikafuata 2014. Mkopaji wa Tanzania aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Makato hayo yanalalamikiwa sana, lakini yana sifa moja: yana mwisho. Mwajiriwa anajua amelipa kiasi gani na amebakiza kiasi gani.

Juba hakuna bodi ya namna hiyo ya kumbeba mwanafunzi. Anayekopesha ni mjomba aliyeko Kampala au Nairobi, dada anayeuza chai soko la Konyo Konyo, binamu aliyehamia Australia, au baba aliyetoa ng'ombe kwenye zizi. Deni hili halina riba wala faini, na hakuna mtu anayepelekwa kwa mawakala wa madeni. Ila halina pia tarehe ya mwisho. Mhitimu akipata mshahara wa kwanza, halipi kiasi alichotumiwa. Analipa ada ya mdogo wake, hospitali ya shangazi, kodi ya nyumba ya mtaa wa Gudele anakoishi na jamaa wengine. Akimsomesha mmoja, wa pili yuko mlangoni.

Kibaya zaidi ni kwamba deni liliingia kwa sarafu moja na mshahara unatoka kwa nyingine. Vyuo vya Uganda na Kenya, wanakosoma vijana wengi wa Sudan Kusini, haviitaki pauni ya Juba, kwa hiyo familia hutafuta dola kwanza. Hadi Desemba 2015 dola moja ilikuwa kwenye pauni 3 kasoro kidogo kwa bei ya benki kuu. Pauni ilipoachwa ielee, dola ikaruka hadi pauni 18 na ushee kwa mkupuo, na miaka hii dola imepita pauni 4,000. Mshahara wa pauni 1,500 uliokuwa na thamani ya dola 500 kwa bei ile ya serikali, leo haufikii nusu dola. Serikali imepandisha mishahara zaidi ya mara moja, lakini bomba la mafuta linalopita Sudan lilipopasuka Februari 2024, hazina ilikauka na watumishi wakakaa miezi bila kulipwa. Afisa habari wa wizara ana shahada, ana cheo, ana kiti. Riziki anaitafuta kwingine.

Kwingine huko, kwa miaka mingi, palikuwa mashirika. Radio Miraya ya Umoja wa Mataifa iko hewani tangu 2006. Eye Radio ilianza Nairobi mwaka 2003 kama Sudan Radio Service, kwa fedha za Marekani. Ukiongeza ofisi za misaada, kila moja ikitaka mtu wa kuandika taarifa na kupiga picha za miradi, unapata soko zima la mawasiliano lililoota juu ya fedha za wafadhili. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na Julai mwaka huo huo USAID ikafungwa. Mradi ukipungukiwa fedha, dereva na muuguzi hutetewa hadi dakika ya mwisho. Afisa mawasiliano hutangulia kutoka.

Tuseme familia imetumia dola 7,000 kwa miaka mitatu ya Kampala, ada, chumba na chakula (ni namba za mfano, kila nyumba iweke zake). Mhitimu akipata dola 700 kwa shirika na kurudisha nusu, anamaliza kwa miezi 20. Akipata dola 200 redioni na kurudisha 50, anahitaji miaka 11 na ushee. Na redioni ndiko nafasi zilikobaki, pamoja na zile nauli wanazopewa wanahabari kwenye mikutano, ambazo hakuna mwalimu anayezitaja darasani.

Maoni yangu ni kwamba shahada hii haina ubaya. Ubaya uko kwenye bei inayonunuliwa kwayo. Chuo Kikuu cha Juba, kilichoanzishwa 1975, kinafundisha uandishi wa habari na mawasiliano, na anayesoma pale analala kwao. La maana zaidi, anaweza kusoma taarifa ya jioni redioni akiwa bado mwanafunzi. Akihitimu, ule uzoefu wa miaka kadhaa unaotakiwa na tangazo anao tayari. Mwenzake wa Kampala anarudi na Kiingereza kizuri zaidi na cheti kinachong'aa, kisha anaanza kujitolea bila malipo ili wamjue.

Kampuni za simu, MTN na Zain, na benki zilizotoka Kenya, KCB na Equity, nazo huajiri watu wa matangazo, ila wachache. Kwa hiyo kabla ya kuuza ng'ombe wa muhula ujao, mzazi aulize mikataba inayotangazwa sasa ni ya muda gani. Wa miaka miwili wa dola 700 unalipa zile dola 7,000. Wa miezi sita, hata ukiwa wa dola 700, unavuka robo ya njia kidogo tu, kisha kijana anarudi getini na bahasha nyingine.