Mawakili wa mpangaji asiye na kitu

Julai 2010, Wakenya wakijiandaa kuipigia kura Katiba mpya, wapangaji wa mtaa wa Muthurwa jijini Nairobi walikuwa wakiona tingatinga likiingia mtaani kwao. Nyumba za Muthurwa zilijengwa na shirika la reli kwa ajili ya wafanyakazi wake Waafrika, na wengi waliokuwa wakiishi humo walikuwa bado na uhusiano na reli: waliwahi kuitumikia, au wazazi wao waliitumikia. Ardhi ilikuwa imepita mikononi mwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, na wadhamini wake walitaka kuiendeleza wapate fedha za kuwalipa wastaafu. Notisi ya kuhama ilikuwa imetolewa. Wapangaji walilalamika mahakamani kwamba hata huduma za maji na vyoo zilivurugwa.

Aliyewahi kuishi nyumba ya kupanga anajua maana ya jambo hilo. Si lazima mtu abebwe mabegani ndipo aitwe amefukuzwa. Funga bomba, bomoa choo, ng'oa mlango au mabati, naye atafungasha virago mwenyewe kabla ya Jumapili.

Kesi iliyofuata, Ombi namba 65 la mwaka 2010, ningependa ifahamike kwa kila anayelipa kodi ya nyumba mwisho wa mwezi. Pamoja na wapangaji kilisimama Kituo cha Sheria, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 na mawakili waliotaka maskini wapate mtetezi hata wasipokuwa na ada ya kumlipa. Februari 2011, Jaji Daniel Musinga alitoa amri ya muda kuzuia ubomoaji hadi kesi isikilizwe. Hukumu yenyewe ilisomwa na Jaji Isaac Lenaola Agosti 2013.

Wengi hudhani kazi ya mawakili wa namna hii hupimwa kwa hukumu ya mwisho. Kwa mpangaji, ile amri ya muda ndiyo iliyokuwa nyumba yake. Kati ya Februari 2011 na Agosti 2013 mtoto alimaliza madarasa mawili au matatu bila kuhamishwa shule, mgonjwa aliendelea kwenda kliniki aliyoizoea, na mama mwenye kibanda cha mboga hakupoteza wateja wake. Siku hizo hazikuanguka kutoka mbinguni. Kuna mtu alikesha akiandika hati za kiapo, akakusanya sahihi nyumba kwa nyumba, akawahi masjala ya mahakama kabla ya tingatinga kurudi.

Jaji Lenaola hakusema kwamba wapangaji watabaki Muthurwa milele. Alikubali kwamba mwenye ardhi ana haki zake. Lakini alisema namna walivyoanza kuondolewa ilivunja haki yao ya makazi, haki iliyomo katika Kifungu cha 43 cha Katiba, na kwamba mfuko wa pensheni hauwezi kujificha nyuma ya hoja kuwa wenyewe si Serikali. Aliagiza pande zote zikae pamoja zipange utaratibu wa kuhama. Akasikitika pia kwamba nchi haikuwa na sheria ya kuongoza uhamishaji wa watu. Sheria ya namna hiyo ilikuja mwaka 2016, kwa marekebisho ya sheria za ardhi: notisi ya miezi mitatu, maofisa wanaojitambulisha, na wajibu wa kulinda utu wa watoto, wanawake na wazee siku ya kuondolewa.

Karatasi peke yake, hata hivyo, haisimamishi tingatinga. Wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, waliposoma gazetini Septemba 2011 kwamba wana siku saba tu, walikimbilia Mahakama Kuu na wakapata amri ya kuzuia ubomoaji. Novemba mwaka huohuo kijiji kilibomolewa, amri ikiwapo, na shule ya watoto wao ikaenda na nyumba. Jaji Mumbi Ngugi aliwapa ushindi Aprili 2013. Mahakama ya Rufani ikaupindua mwaka 2016. Mawakili hawakukata tamaa, wakapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo tarehe 11 Januari 2021 ilithibitisha kwamba mahakama ina uwezo wa kutoa amri za kusimamia utekelezaji wa haki hatua kwa hatua, kisha ikairudisha kesi Mahakama Kuu ili nafuu iamuliwe. Karibu miaka kumi ilikuwa imepita. Watu waliokuwa wameishi ukuta kwa ukuta walikuwa wametawanyika, na wakili anayetaka fidia iwafikie analazimika kwanza kuwatafuta.

Mei 2020, Nairobi ikiwa chini ya kafyu ya korona, maelfu ya watu waliondolewa Kariobangi licha ya kuwapo kwa amri ya mahakama. Naliandika hili kwa uchungu. Nchi ambayo ofisi za umma zinapuuza amri za majaji haiwezi kumwambia mpangaji afuate sheria.

Na hapo pana jambo ambalo mawakili wenyewe wanapaswa kulikazania zaidi. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, wengi wa wakazi hawamiliki banda wanamolala. Wanapanga. Mazungumzo ya fidia yanapoanza, kiti cha mbele huenda kwa mwenye ardhi na mwenye banda. Mpangaji, ambaye siku ya ubomoaji anapoteza kitanda, sufuria, amana aliyoweka na kodi aliyokwisha kulipa, huambiwa atafute chumba kwingine. Katiba haikusema haki ya makazi ni ya mwenye hati. Ilisema ni ya kila mtu.

Mbali na kesi kubwa, ipo kazi ndogo ya kila siku ambayo haiandikwi magazetini. Mwenye nyumba amefunga mlango kwa kufuli ya pili. Ameshikilia godoro na redio bila dalali mwenye leseni. Amekata umeme ili mpangaji aondoke. Msaidizi wa kisheria mtaani anaandika barua moja, anaisindikiza kwa miguu, na mara nyingi mlango hufunguka. Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, inamkataza mwenye nyumba kumsumbua mpangaji kwa makusudi ili ahame, na inamtaka apate amri ya baraza la kodi kabla ya kumtoa.

Lakini sheria hiyo inawalinda wale tu ambao kodi yao haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kiliwekwa nchi ikiwa na bei nyingine kabisa. Leo chumba kimoja cha mabati chenye choo cha pamoja kinaweza kukivuka, na mpangaji wake, maskini vilevile, akajikuta nje ya ulinzi. Mswada wa mwaka 2021 ulikusudia kuziunganisha sheria za wapangaji na wenye nyumba na kuzisogeza karibu na hali ya sasa. Bunge lilikuwa nao mezani. Wabunge wanaoomba kura Mathare, Mukuru na Kibera wanaweza kuanza na kiwango hicho cha 2,500, kwa sababu hakuna wakili, hata awe hodari namna gani, anayeweza kumtetea mpangaji kwa kifungu kisichomgusa.