Ukikodi karavani New Zealand: usalama wa kebo ya umeme kambini

Kwa msafiri atokaye Australia, New Zealand huonekana kama nchi isiyo na mengi ya kujifunza upya. Magari hupita kushoto, umeme wa majumbani ni wa volti 230, na plagi ya simu huingia ukutani bila adapta. Mfanano huo huishia kwenye nguzo ya umeme ya kambi. Hapo, aliyezoea plagi ya karavani ya Australia, yenye pini tatu bapa, hukuta soketi ya buluu ya mviringo yenye kifuniko, ambayo plagi yake haiingii hata kidogo.

Tofauti hiyo ya umbo inastahili kueleweka kabla ya safari, kwa sababu makosa mengi ya umeme wa karavani huanza pale mtu anapolazimisha plagi iingie mahali isipotakiwa.

Pini pana ina kazi yake

Soketi ya kawaida ya nyumbani, Australia na New Zealand pia, imeundwa kubeba ampea 10. Karavani ya Australia hutumia mfumo wa ampea 15, na pini ya ardhi ya plagi yake ni pana zaidi ili isiweze kuingia kwenye soketi ya ampea 10. New Zealand imefikia lengo hilo kwa njia nyingine: kambi nyingi hutumia plagi ya mviringo ya ampea 16, ya aina inayotumika pia Ulaya.

Wapo wanaoichukua tupa na kuichonga ile pini pana, mathalani wanapoegesha karavani kwa ndugu na kutaka kuiunganisha na nyumba. Plagi huingia, taa huwaka, na hakuna linalotokea usiku wa kwanza. Tatizo ni kwamba sakiti breka ya nyumba mara nyingi ni ya ampea 16 au 20, kwa kuwa hulinda nyaya zinazohudumia soketi kadhaa kwa pamoja. Karavani ikivuta ampea 14 kupitia soketi ya ampea 10, breka haioni kosa lolote. Soketi ndiyo inayochemka, nyuma ya ukuta, wakati watu wamelala.

Hapa msikilizaji aliyekulia Kenya, Tanzania au Uganda ana sababu ya ziada ya kuwa mwangalifu. Plagi tulizozizoea huko, zenye pini tatu za mstatili, hubeba fyuzi ndani yake, na fyuzi hiyo huungua mzigo ukizidi sana. Plagi ya Australia na New Zealand haina fyuzi.

Adapta tupu, inayobadilisha umbo la plagi tu, huleta hatari ileile ya pini iliyochongwa. Australia zinauzwa adapta zenye sakiti breka ya ampea 10 na swichi ya usalama ndani yake, na hizo ni jambo jingine. Kwa gari la kukodi, hata hivyo, jibu ni rahisi: tumia kebo iliyokuja na gari. Kama hukupewa, idai kabla ya kuondoka ofisini.

Kebo iliyofungwa kama kamba

Kila kebo huzalisha joto kidogo umeme unapopita. Kebo ya shaba yenye urefu wa mita 25 na nyaya za milimita mraba 1.5, ikibeba ampea 15, hutoa joto la takribani wati 130. Ikitandazwa chini, joto hilo husambaa hewani bila madhara. Ikiachwa imezungushwa kwenye gurudumu lake, mizunguko ya ndani haina pa kupumulia. Plastiki hulainika, nyaya hukaribiana, na shoti hufuata.

Kwa hiyo ifungue kebo yote, hata kama nguzo iko hatua tano kutoka mlangoni. Urefu unaobaki utandaze chini ya gari kwa mikunjo mipana isiyolaliana. Wala usiunge ekstensheni mbili ili kufika mbali. Kebo ya karavani inapaswa kuwa kipande kimoja, na kiungo kilicholala kwenye nyasi ndicho mahali pa kwanza maji yatakapoingia. Katika pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Kusini, ambako mvua ni nyingi mno, hili si la kubahatisha.

Joto la kebo hupanda haraka kuliko mzigo wenyewe: umeme unaopita ukiongezeka maradufu, joto huwa mara nne. Birika la umeme la wati 2,200 huvuta karibu ampea 10 peke yake. Hita ya wati 2,000 huvuta karibu 9. Vikiwashwa pamoja vinapita uwezo wa kebo. Chai kwanza, joto baadaye.

Matairi ya mpira na nyasi zenye umande

Hatari iliyo kubwa kuliko zote haionekani wala haitoi harufu. Karavani ni sanduku lenye chuma kingi lililokaa juu ya mpira. Tofauti na nyumba, haiwezi kutegemea udongo ulio chini yake. Usalama wake unategemea waya mmoja mwembamba wa kijani na njano ndani ya kebo, waya wa ardhi, ambao mafundi wengi wa kwetu huuita ethi. Waya huo ukikatika, taa zitaendelea kuwaka na friji itaendelea kuganda. Lakini waya wa moto ukigusa bodi mahali fulani, gari zima hubeba umeme na kumsubiri mtu. Aliye ndani huenda asihisi kitu. Mtoto anayerudi kutoka bafuni peku, juu ya nyasi zenye maji, akashika kitasa cha mlango, ndiye anayekamilisha njia ya kwenda ardhini.

Kinachobaki kumwokoa ni swichi ya usalama. Hii hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ibonyeze kitufe chake cha majaribio kila unapofika kambi mpya. Isipokata, usilitumie gari hilo kwa umeme. Swichi hiyo haizuii kebo kuchemka. Kazi hizo mbili ni tofauti.

Ukihisi mtekenyo hata mdogo unapogusa bodi, usiseme ni baridi. Zima umeme kwenye nguzo na umwite msimamizi wa kambi.

Cheti ambacho Australia hawakizoei

New Zealand hutaka kila karavani au gari la malazi linalounganishwa na umeme wa nje liwe na cheti cha usalama wa umeme, kinachodumu miaka minne. Cheti hiki ni tofauti na kile cha ukaguzi wa gari kwa ajili ya barabara. Anayekodi ana haki ya kuuliza kilipo na kusoma tarehe yake. Anayenunua karavani iliyotumika, au anayehamia huko na karavani yake, asikubali kuambiwa kuwa cheti cha barabara kinatosha.

Cheti hakisemi lolote kuhusu namna unavyochomeka. Hakikisha swichi ya nguzo imezimwa, chomeka upande wa gari kwanza, kisha nguzo, ndipo uwashe. Asubuhi ya kuondoka geuza mpangilio: zima, chomoa kwenye nguzo, na upande wa gari uwe wa mwisho. Kwa mpangilio huo hutashika kamwe ncha iliyo wazi yenye umeme. Ipitishe kebo mkononi unapoikunja. Palipochubuka au plagi iliyobadilika rangi kwa joto haifungwi utepe, bali kebo hubadilishwa.

Mtu akipigwa na umeme, usimshike kabla ya kuzima nguzo. Namba ya dharura New Zealand ni 111. 000 ni ya Australia. Wafundishe watoto wote wawezao kupiga simu, kabla ya ndege kuondoka.