Robo Moja kwa Kila Mtoto

Wazazi wawili wenye afya njema, kila mmoja akiwa na jeni moja ya kawaida na moja ya selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita ugonjwa huo, huambiwa kwamba uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni robo. Ni rahisi kuielewa robo hiyo kama mgawo: kati ya watoto wanne ataugua mmoja, na huyo akishazaliwa, watatu wanaofuata wako salama. Hilo ni kosa la hesabu, na watu hupanga uzazi kwa kulitegemea. Ndiyo maana naona mada ya uwezekano, ambayo shuleni huanza na sarafu na dadu, ingefaa ifike mapema kwenye swali hili, kwa kuwa kanuni zake zote za msingi zimo ndani yake.

Robo yenyewe inatoka wapi? Kila mzazi humrithisha mtoto jeni moja kati ya zake mbili, na zote mbili zina nafasi sawa, yaani nusu kwa nusu. Jeni itakayotoka kwa baba haitegemei ile itakayotoka kwa mama. Matukio yasiyotegemeana huitwa matukio huru, na uwezekano wa yote mawili kutokea, yaani mtoto kurithi jeni ya selimundu kwa baba na kwa mama na hivyo kuugua, hupatikana kwa kuzidisha: 1/2 × 1/2 = 1/4. Mtoto kurithi jeni ya kawaida pande zote mbili ni 1/4 vilevile. Kurithi jeni moja tu ya selimundu kuna njia mbili, kwa baba au kwa mama, na kwa kuwa njia hizo haziwezi kutokea kwa pamoja, hapa tunajumlisha: 1/4 + 1/4 = 1/2. Jumla ya yote ni 1, kama inavyopaswa. Sasa chukua familia ya watoto wanne. Uwezekano wa wote kutougua ni 3/4 ikizidishwa yenyewe mara nne, yaani 81/256, takribani asilimia 32. Kwa hiyo uwezekano wa kuwapo angalau mgonjwa mmoja ni asilimia 68. Je, mmoja tu? Mpangilio mmoja una uwezekano wa 27/256, na mgonjwa anaweza kuwa wa kwanza, wa pili, wa tatu au wa nne, hivyo 108/256, kama asilimia 42. Mgawo ule unaodhaniwa kuwa hakika hukosekana mara nyingi kuliko unavyotokea.

Msomaji makini atauliza: kama robo ni ya kweli, si lazima hesabu ijisawazishe hatimaye? Hujisawazisha, lakini si kwa kufidiana. Gregor Mendel, mtawa wa Brno, katika makala yake ya mwaka 1866 alieleza mavuno ya miche 253 ya njegere chotara: mbegu 7,324, kati yake 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo. Zenye mikunjo, ambayo hurithiwa kwa kanuni ileile ya jeni mbili, ni asilimia 25.3, karibu sana na robo. Hata hivyo mche mmoja ulizaa mbegu 43 za mviringo na 2 tu zenye mikunjo, na mwingine 14 kwa 15. Hakuna mche uliozaa zaidi ili kuziba pengo la mwenzake. Wingi wa mbegu ndio uliozimeza tofauti hizo. Familia haina wingi huo. Baada ya mtoto mgonjwa, uwezekano kwa anayefuata unabaki 1/4, na baada ya wagonjwa wawili mfululizo ni 1/4 ileile.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Wazazi ambao hawajawahi kupimwa, mtoto wao wa kwanza akizaliwa na selimundu, je, hatari kwa wa pili haijapanda? Tuchukulie kwamba watu 15 kati ya 100 katika jamii yao wana jeni moja ya ugonjwa. Kabla ya mtoto yule, hatari ilikuwa 0.15 × 0.15 × 0.25, chini ya 6 kwa 1,000. Sasa ni 250 kwa 1,000. Kilichobadilika ni taarifa tuliyo nayo, kwa maana jeni za wazazi zilikuwa hivyo tangu mwanzo. Tena, kuzidisha 0.15 kwa 0.15 kunakubalika pale tu ambapo wenzi hawana undugu; binamu wanaooana wana babu na bibi wamoja, na uhuru wa matukio unavunjika. Taarifa hubadilisha hesabu hata kwa ndugu mzima wa mgonjwa. Wengi watasema uwezekano wa yeye kuwa na jeni moja ya selimundu ni nusu. Lakini tunajua kwamba haugui, kwa hiyo robo ile ya ugonjwa imeondoka. Katika sehemu tatu zilizobaki, mbili ni za wenye jeni moja. Uwezekano wake ni 2/3, na hiyo ni sababu tosha ya kumshauri apime damu kabla ya kuoa au kuolewa.