Gari linazima-zima? Jibu swali moja kabla ya kununua kipuri Nyabugogo

NYABUGOGO, Kigali – Iwe umeingia Rwanda kwa Rusumo, Gatuna au Rubavu, mzigo wako una nafasi kubwa ya kupita Nyabugogo. Hapa ndipo kilipo kituo kikuu cha mabasi cha Kigali, na jirani yake ni Gatsata, mtaa uliojulikana kwa miaka mingi kwa gereji na maduka ya vipuri. Ndiyo maana gari likianza kuzima njiani, dereva hujikaza akisema: nifike Nyabugogo kwanza.

Shida huanza akishafika. Nyanya zinaiva kwenye gari, mnunuzi anapiga simu, na kila anayechungulia chini ya boneti ana kipuri chake cha kutaja. Huyu anasema pampu, yule koili, wa tatu plagi. Jioni umenunua vyote vitatu, gari bado linazima, na faida ya safari imeliwa.

Injini ya petroli inataka vitu vitatu: mafuta, hewa na cheche. Kimoja kikikosekana, inazima. Kipi kimekosekana? Fundi mzuri hutafuta jibu hilo kwa kukuuliza swali moja kabla hajashika spana: gari linazima wakati gani? Njoo na jibu.

Linazima ukiachia mafuta. Barabarani linakwenda vizuri, lakini ukifika kwenye taa au foleni linatetemeka na kufa. Mara nyingi tatizo ni hewa. Kilango cha kupitishia hewa kimejaa masizi, au mpira wa hewa umepasuka na unavuta pembeni. Kusafisha kilango hicho ni kazi ya muda mfupi. Usikubali kununua pampu kabla hakijafunguliwa.

Linazima likipanda mlima na mzigo. Tambarare halina neno, lakini kwenye vilima vya Rwanda linakosa nguvu, linarukaruka, kisha linazima. Hapo injini inadai mafuta mengi na hayafiki. Anza na chujio la mafuta, kisha pampu ipimwe presha kwa geji. Kuna jaribio lisilo na gharama: likizima, fungua kifuniko cha tenki. Ukisikia tenki likivuta hewa kwa nguvu, na gari likawaka na kwenda vizuri, huenda njia ya tenki kupumua imeziba.

Linazima likipata moto. Linakwenda saa nzima, linazima, linakataa kuwaka, halafu baada ya nusu saa linawaka kama hakuna kilichotokea. Washukiwa wakubwa ni sensa ya kranki na koili. Nyaya zake za ndani zikichakaa, joto huzitenganisha na baridi huziunganisha tena. Gari la namna hii ukilipima limepoa, utaambiwa ni zima. Lipimwe pale pale lilipokataa: fundi aangalie kama plagi inatoa cheche, mbali na petroli iliyomwagika. Cheche zikiwepo, afuate mafuta. Zisipokuwepo, afuate umeme.

Linazima ghafla kwenye matuta, na taa za dashibodi zinapotea zote. Shika vichwa vya betri uvitikise. Kikicheza, kisafishwe na kukazwa. Fundi aangalie pia waya unaotoka betri kwenda kwenye bodi, na swichi ya ufunguo.

Mwenye Canter au Fuso ya dizeli hana plagi za cheche. Yeye aangalie maji kwenye chujio, na hewa iliyoingia kwenye mipira ya mafuta. Maji yamwagwe, hewa itolewe kwa pampu ya mkono.

Mashine ya kupimia inasaidia, lakini isikilizwe kwa akili. Ikitoa namba P0335, maana yake ni kwamba kompyuta haipati taarifa sawasawa kutoka kwa sensa ya kranki. Sensa inaweza kuwa nzima na waya wake ndio umekatika. Waya uangaliwe kwanza, kipuri baadaye.

Jihadhari na maneno pia. Mafundi wengi hapa wanaelewa Kiswahili, lakini msamiati wa kazi umetoka kwenye Kifaransa. Petroli ni esansi au lisansi, dizeli ni mazutu, plagi ni buji. Aliyetoka Mwanza au Mombasa akiitikia tu kwenye kituo cha mafuta anaweza kujaziwa yasiyo yake. Ikitokea hivyo, usiwashe. Tenki limwagwe kwanza.

Nyabugogo ni bonde, na mvua kubwa hulijaza maji. Gari likizimia ndani ya maji, usilipige stata. Maji yakiwa yameingia kwenye silinda, pistoni haiwezi kuyabana, na mkono wake utapinda. Lisukumwe nje, plagi zifunguliwe, maji yatolewe kwanza.

La mwisho linahusu uhai. Tanzania, Uganda na Kenya tunaendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo ni kulia. Gari likizima kwenye mteremko, usukani unakuwa mzito na breki inabaki na msaada wa mikanyago michache tu, kisha inakuwa ngumu. Usiipige-pige, ikanyage mara moja, kwa nguvu, na uishikilie. Mazoea ya nyumbani yatakuvuta kushoto, na hapa kushoto ndiko yanakotoka malori. Egesha kulia, washa taa za hatari, weka pembetatu nyuma.

Ukifika kwa fundi, patana bei ya kupima peke yake kabla ya bei ya kipuri, na udai kile cha zamani mkononi. Kisha, kabla hujapakia tena, peleka gari kwenye hali ile ile iliyolizimisha: mlima, foleni au joto. Likivuka hapo, safiri.