Be Altitude: Injili ya Familia ya Staples Nje ya Kuta za Kanisa

Muziki wa soul, ambao Wamarekani Weusi waliuunda kwa kuunganisha uimbaji wa kanisani na midundo ya muziki wa kidunia, umezaa albamu nyingi zenye ujumbe kwa jamii, lakini ni chache zinazofundisha bila kuchosha kama Be Altitude: Respect Yourself, iliyotolewa mwaka 1972 na kundi la The Staple Singers kupitia kampuni ya Stax ya Memphis. Kundi hilo lilikuwa la familia moja, likiongozwa na baba, Roebuck Staples, maarufu kwa jina la Pops, mzaliwa wa Mississippi aliyehamia Chicago, ambaye tangu 1948 alikuwa akizunguka makanisani na wanawe wakiimba nyimbo za Injili. Baada ya kumsikiliza Martin Luther King akihubiri Montgomery, jimboni Alabama, Pops aliwaambia wanawe kwamba mambo aliyoyahubiri mchungaji huyo wao nao wangeweza kuyaimba.

Albamu yenyewe ilirekodiwa katika jimbo hilohilo la Alabama, katika studio ya Muscle Shoals, ambako wapiga ala wakuu walikuwa Wazungu, jambo ambalo msikilizaji asiyeambiwa hawezi kulishuku. Wimbo I'll Take You There, ulioshika nafasi ya kwanza katika chati ya Billboard mwaka huo, una beti chache mno na umejengwa juu ya kodi mbili tu, yaani mafungu mawili ya noti zinazopigwa kwa pamoja, huku mwanzo wake ukifuata The Liquidator, kibao cha Jamaika cha mwaka 1969. Kinachoubeba ni utaratibu wa kanisani wa kuitikizana: Mavis, binti mwenye sauti nzito, huita, wenzake huitikia, na wapiga ala nao hutajwa majina zamu zao zinapofika, kama kiongozi wa ibada anavyowachangamsha waumini.

Uzito wa mafunzo, hata hivyo, umo katika Respect Yourself, utunzi wa Mack Rice na Luther Ingram, kwa kuwa wimbo huo hauwakemei wabaguzi wa rangi wanaoficha nyuso zao kwa mashuka peke yao, bali humgeukia pia msikilizaji wa kawaida, ukimtaka asidhani kuwa dunia ina deni lake, awaheshimu wahubiri na, hata akikohoa, azibe mdomo. Kuliweka suala la ubaguzi bega kwa bega na adabu ya kikohozi kungeweza kuwa kichekesho. Hapa kunauokoa wimbo usigeuke hotuba ya jukwaani. Wapo waumini waliolalamika kwamba familia hiyo imeikimbia Injili ikafuata dunia, lakini lawama hiyo haina msingi, kwani kilichobadilika ni mahali pa kuhubiria. Anayeanza kuisikiliza albamu hii aanze na Respect Yourself, tena kwa utulivu, kabla I'll Take You There haijamwinua kitini.