Mwalimu, umetoka semina na mawazo mapya. Laini yako ni ya nani?

Semina za walimu zina utamu wake. Projekta inawaka, mwezeshaji anabonyeza kitu, moyo wa binadamu unaanza kudunda ukutani, na kila mwalimu aliyeketi pale anajiona akifundisha hivyo Jumatatu. Halafu Jumatatu inafika Ifo: watoto wengi kuliko madawati, jua limeshachoma mabati, na simu ya mwalimu ina chaji asilimia kumi na mbili. Leo tunaongea na huyo mwalimu. Tutagusa yale mawazo ya teknolojia yanayodumu baada ya semina, kisha tuje kwa pesa, maana hapo ndipo wengi hukwama na hapo ndipo sisi tunahusika.

Kwa msomaji asiyeijua, Ifo ni mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab, Kaunti ya Garissa. Ilifunguliwa 1991, watu walipokimbia vita Somalia. Pamoja na Dagahaley na Hagadera, ilikusudiwa watu kama 90,000, wakaja wengi kupita hesabu hiyo. Walimu wengi kule ni wakimbizi wenyewe. Wamesoma kambini, wakamaliza sekondari, wakarudi darasani kufundisha kwa posho. Na kwenda kongamano Nairobi kwao si suala la nauli tu, kwa sababu mkimbizi anahitaji kibali kutoka kambini.

Kwa hivyo mafunzo yanayosaidia zaidi ni yale yanayowafuata walimu waliko. Mwaka 2013 Vodafone Foundation na UNHCR walianzisha Dadaab mradi wa Instant Network Schools: darasa lenye tableti, intaneti na umeme wa sola, na walimu wanaofunzwa kuvitumia. Mwaka 2015 likaja sanduku la Instant Classroom. Lina uzito wa kilo 52, na ndani kuna kompyuta, tableti 25, projekta, spika na modemu. Ukilichaji saa sita hadi nane, linafanya kazi siku nzima bila umeme.

Sisi tunalipenda hilo sanduku kwa sababu moja: aliyelibuni alijua stima haipo. Hicho ndicho kipimo tungemwomba mwalimu atumie anapoandika maelezo semina. Je, hili litafanya kazi mtandao ukikatika? Kolibri, kwa mfano, ni programu ya bure inayohifadhi masomo yakasomwa bila intaneti. Unapakua mara moja mahali penye mtandao mzuri, unarudi nayo. Tableti moja kwa watoto watano inatosha, mradi wapokezane. Hata mulika mwizi ina kazi: mzazi anaweza kupokea maswali matano ya hesabu kwa meseji, mtoto akayajibu jioni kwenye daftari. Haipendezi machoni kama ule moyo wa ukutani, lakini wiki ya tatu bado itakuwepo.

Sasa pesa. Siku ya mwisho ya semina, karatasi ya mahudhurio inapita: jina, namba ya simu, sahihi. Nauli itatumwa kwa simu. Wiki inaisha, wenzako wamepata, wewe kimya. Mara nyingi shida ni moja tu. Karatasi ina jina lako, laini imesajiliwa kwa jina la binamu. Mhasibu akiona majina mawili tofauti anazuia malipo, na kusema kweli anafanya vizuri, maana hana njia nyingine ya kujua pesa inaenda kwa nani.

Tunajua ilikuwaje. Wengi kambini walikosa karatasi za kusajilia, wakasaidiwa na ndugu au mwenye duka. Lakini laini iliyo kwa jina la mtu mwingine, kwa rekodi ni yake. Ikipotea, yeye ndiye wa kuirudisha. Akihama au mkikosana, salio lako limebaki mikononi mwake. Ifo hawahitaji kuelezwa sana hili. Tangu 2016, sehemu ya msaada wa chakula Dadaab ilipokuja kwa simu kupitia Bamba Chakula, kupoteza laini kulimaanisha kupoteza mlo.

Njia rahisi ya kujua: mwambie mwenzako aanze kukutumia hata shilingi kumi, asome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, halafu akatishe. Kama si lako, beba kitambulisho chako cha mkimbizi, ukiwa nacho, nenda duka la huduma uulize kusajili laini yako mwenyewe. Fanya hivyo kabla ya semina.

Kuna pia michango. Wazazi wakikubali kuchangia bando au memori kadi, pesa huingia kwa simu ya mwalimu na kuchanganyika na mboga ya nyumbani. Akina mama wa Ifo wana hagbad miaka yote, na kila mmoja anajua nani kashika na zamu ni ya nani. Iga hiyo. Tenga laini ya darasa ukiweza, usifute meseji za malipo, na uziandike kwa daftari ambalo mzazi yeyote anaweza kufungua.

Na ile karatasi ya mahudhurio, imepita mikono mingi. Ukipigiwa kwamba umechaguliwa kupata tableti, utume tu ada ndogo ya usajili, kata simu. Namba yako ya siri hatutakuuliza kamwe, sisi wala mwezeshaji.

La mwisho ni la darasani. Walimu wengi hawana tableti, simu yao ndiyo kifaa cha darasa. Mtoto wa gredi ya sita ana macho makali, na namba ya siri uliyobonyeza mbele yake asubuhi anaikumbuka jioni. Somo likishapakuliwa halihitaji laini. Itoe, itie mfukoni, kisha uwape simu.